Habari za Njaa, Maji na Hazina ya Serikali katika Handeni na Korogwe

Wilaya za Handeni na Korogwe zapakana, na kutoka mji mmoja hata wa pili ni mwendo wa kilomita 65 hivi tu. Walakini kwa habari ya maji nchi hizi mbili hazikufanana kamwe. Korogwe yakaa bondeni, kando ya mto Pangani, ambao watu wengi wa huko huuita Ruvu. Na milima ya Usambara huuongezea mto huo maji ya Lwengera. Handeni yakaa juu, mbali na mto wa kudumu, na mvua zake huchelewa, au hukosekana, au huja zote kwa mara moja. Tangu siku za Wajerumani hata leo, fedha za Serikali katika sehemu hizo zimekuwa zikizunguka swali moja: nani ataulipia ukame kabla haujawa njaa?

Isidhaniwe kwamba zamani hapakuwa na njaa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 njaa kuu iliwatoa Wazigua wengi makwao. Walishuka pwani, wakajiweka rehani kwa chakula au wakauzwa, na wengine wakavushwa bahari hata kusini mwa Somalia. Wajukuu wao walikuwa wangali wakisema Kizigua karibu na mto Juba zaidi ya miaka 150 baadaye. Na vita vya Somalia vilipowakimbiza baada ya 1991, baadhi yao waliingia Tanzania na kupewa makao Chogo, mkoani Tanga, katika nchi ile ile waliyotoka babu zao.

Hata hivyo, nchi ilikuwa na hazina yake. Mwanahistoria James Giblin, aliyechunguza habari za Uzigua toka 1840 hata 1940, ameonyesha kwamba wakubwa wa huko waliweka nafaka ghalani, na mwaka wa shida waliwalisha watu wao. Haukuwa ukarimu mtupu, maana aliyelishwa alikuwa na deni la utii. Lakini ghala lilikuwa karibu na mlaji, na watu waliokaa pamoja walifyeka pori, hivyo mbung'o alizuiliwa mbali na ng'ombe.

Utaratibu huo ulivunjika kwa muda mfupi sana. Sotoka iliua ng'ombe mnamo 1891, nzige wakaja miaka michache baadaye, na mwaka 1897 Wajerumani wakatangaza kodi ya nyumba. Kodi ilitaka fedha, na fedha zilipatikana kwa kuuza nafaka au kwa kwenda kufanya kazi mashambani mwa wageni. Njaa ya 1898 hata 1900 iliwakuta watu ghala zao zikiwa tupu. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge ukafuata reli. Tangu hapo bonde lilipata mishahara, na nchi ya juu ikatoa watu wa kuifanyia kazi. Pori lililoachwa bila mikono likarudi, na mbung'o pamoja nalo.

Waingereza walikuja na jina jipya la fedha. Kwa sheria ya mwaka 1926 watawala wa kienyeji walithibitishwa, na hazina zao zikarudishiwa sehemu ya kodi. Jambo hilo lilikuwa jema katika karatasi. Lakini sehemu kubwa ya hazina za namna hiyo katika Tanganyika iliishia katika mishahara ya watawala wenyewe na makarani wao. Kujikinga na njaa kulifanywa kwa amri: kila mtu alazimishwe kulima mihogo. Amri haina gharama katika daftari la Serikali, na yamkini ndiyo sababu ilipendwa mno.

Wakati huo huo mto ulikuwa umeanza kufanya kazi nyingine. Mitambo ya umeme ilijengwa katika maporomoko ya Pangani mwaka 1936, na mingine Hale, katika wilaya ya Korogwe, mwaka 1964. Bomba kubwa la kupandisha maji ya Korogwe hata Handeni halikujengwa mpaka miaka ya 1970, ambapo Ujerumani ya Magharibi ilikuwa ikiusaidia mkoa wa Tanga kwa mpango wa maendeleo ulioanza mwaka 1972. Ni mwaka huo huo Serikali ilipozivunja halmashauri za wilaya, baada ya kuwa imekwisha kuzinyang'anya kodi ya kichwa mwaka 1969. Kwa hiyo bomba lilipokuja, hapakuwa na chombo cha wilaya chenye mfuko wake wa kulitunza. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria ya 1982. Zilirithi pampu zilizochakaa na gharama nzito za umeme, kwa maana maji hayapandi kilimani kwa hisani.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 iliunda Mfuko wa Taifa wa Mazingira, na mwaka 2007 Serikali ikatoa mpango wake wa kwanza wa kukabili mageuzi ya tabia ya nchi. Maneno yake ni mazuri. Wilayani, hata hivyo, kasma iliyoidhinishwa si fedha iliyofika, na jambo hili si la Handeni peke yake. Tena halmashauri hutoza ushuru wa mazao ya misitu, na mkaa wa nchi hizi huenda Dar es Salaam kwa malori. Hivyo idara inayotakiwa kuulinda mti hutegemea mfuko unaojazwa, kwa kiasi fulani, na mti uliokatwa. Mvua za vuli za 2019, zilizozidi kipimo katika Afrika Mashariki nzima, zilipokata barabara na kuua watu mkoani Tanga, fedha za dharura zilipaswa kutafutwa baada ya maafa, kama nafaka ya msaada zamani.

Mwaka 2022 ulikuwa na mambo mawili makubwa. Mwezi wa Juni Serikali ilianza kuwahamishia Wamasai wa Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, Handeni, ambako nyumba 503 zilikuwa zimejengwa kwanza. Serikali ilisema wahamaji wamejiandikisha kwa hiari. Watetezi wa haki walikana. Vyovyote iwavyo, Handeni, iliyongoja maji miaka mingi, ilipata miundombinu mipya kwa ajili ya kuhifadhi nchi iliyo mbali nayo.

Mwezi huo huo, tarehe 6, mikataba ya maji ya miji 28 ilitiwa sahihi Chamwino, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Handeni na Korogwe zimo, pamoja na Muheza na Pangani. Maji yatoka katika mto ule ule, na pampu zataka umeme ule ule. Mkopo umehesabu mabomba, matangi na mitambo ya kusafisha maji. Miteremko ya Usambara, ambako Lwengera huanza kabla ya kuingia mtoni karibu na Korogwe, imeachwa itafutiwe fungu kwingine, katika vitabu vya halmashauri.