Mbunge Anapoitambulisha Kwao

Katika Bunge la Uingereza ipo desturi moja ambayo mimi huipenda kuliko fahari yote ya majoho na siwa. Mbunge mpya anaposimama kuzungumza kwa mara ya kwanza, hatarajiwi kuanza na ubishi. Kwanza humsifu yule aliyekikalia kiti kile kabla yake, hata kama walikuwa mahasimu. Kisha huieleza sehemu anayotoka: mito na vilima vyake, kazi za watu wake, na yale yanayowasumbua. Wenzake humsikiliza bila kumkatiza. Ni mfano wa mgeni apigaye hodi. Kabla ya kuulizwa shida yake husema jina lake na kwao ni wapi.

Wengi huiona desturi hiyo kuwa ni adabu tu, na aghalabu ndivyo ilivyo. Mbunge wa kitongoji cha London hana haja ya kumweleza mtu London iko wapi. Lakini kwa mbunge anayetoka Wales mambo yamekuwa tofauti kwa muda mrefu. Nimevutwa na historia ya wabunge wa nchi hiyo ndogo ya magharibi kwa sababu inaonyesha jinsi jambo linaloonekana la adabu linavyoweza kubeba hatima ya watu.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1536, enzi za Mfalme Henry VIII, ilipitishwa sheria ya kuiunganisha Wales na England. Sheria hiyo iliwapa Wawelisi kitu ambacho hawakuwa nacho: viti katika Bunge la Westminster. Lakini sheria hiyo hiyo ikasema kwamba mahakama zitaendeshwa kwa Kiingereza, na kwamba anayetumia lugha ya Kiwelisi hatashika cheo wala kazi ya serikali asipotumia Kiingereza. Wakati huo walio wengi katika Wales hawakujua lugha nyingine ila Kiwelisi. Basi mlango ulifunguliwa kwa mkono mmoja na kurudishwa kwa mkono wa pili. Mwelisi aliruhusiwa kuingia na kueleza habari za kwao, mradi asizieleze kwa maneno ya kwao.

Karne kadhaa baadaye wapo waliovuka mlango huo wakafika mbali sana. David Lloyd George, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 1916 hadi 1922, alilelewa kwa Kiwelisi na kukizungumza nyumbani kwake. Lakini ninayetaka kumzungumzia hapa ni binti yake, Megan Lloyd George, aliyezaliwa mwaka 1902. Tarehe 30 Mei, 1929 alichaguliwa kwa tiketi ya chama cha Liberal kuwa mbunge wa kisiwa cha Anglesey, ambacho wenyewe hukiita Ynys Môn. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge katika jimbo lolote la Wales.

Kisiwa hicho tangu kale kimepewa jina la Mama wa Wales, kwa kuwa nafaka yake iliwalisha watu wa bara. Binti wa Waziri Mkuu wa zamani angeweza kusimama akasifu mashamba na fukwe zake, akapigiwa makofi, akaketi. Hakufanya hivyo. Hotuba yake ya kwanza, aliyoitoa Aprili 1930 katika mjadala wa sheria ya makazi, ilihusu nyumba mbovu za vijijini. Wakati huo serikali ilipotaja makazi duni, watu walifikiria vichochoro vya miji mikubwa. Megan aliwakumbusha kwamba mashambani nako kuna nyumba zisizofaa kukaa binadamu.

Uzito wa neno lake ulionekana baadaye. Mwaka 1939 kamati iliyoongozwa na Clement Davies, naye mbunge kutoka Wales, ilitoa taarifa juu ya kifua kikuu katika nchi hiyo. Kaunti za kaskazini-magharibi zilikuwa miongoni mwa zile zilizoathirika vibaya kabisa, na kamati ikaonyesha uhusiano wa maradhi hayo na nyumba chafu zenye unyevu, pamoja na uzembe wa halmashauri zilizopaswa kuzirekebisha. Basi ndipo ninaposema kwamba kuitambulisha sehemu yako si kuipamba. Mwenye kuipamba kwao huwapa wasikilizaji wake raha, bali mwenye kuieleza ilivyo huwanyima udhuru wa kusema, "Hatukujua."

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Ni methali ya kweli, na ndiyo sababu watu hugombania kuwa na mjumbe barazani. Lakini historia ya Wales inatufundisha kwamba mtu anaweza kuwepo, akasema, akasikilizwa kwa heshima zote, na bado lake lisiwepo.

Ushahidi ni huu. Katika miaka ya 1950 ilianzishwa kampeni ya kudai Bunge la Wales lenyewe, na Megan akawa rais wake. Mwaka 1956 ombi lenye saini zaidi ya 240,000 lilipelekwa Westminster. Halikuzaa kitu. Katika miaka hiyo hiyo halmashauri ya jiji la Liverpool, lililoko England, ilitaka maji. Ikachagua bonde la mto Tryweryn, kaskazini mwa Wales, na kupeleka muswada wake moja kwa moja Westminster, bila kuhitaji idhini ya halmashauri yoyote ya Wales. Ndani ya bonde hilo kilikuwamo kijiji cha Capel Celyn, chenye shule, posta, kanisa na makaburi yake. Wakazi wake walikuwa wakiishi kwa Kiwelisi tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Wanakijiji walikwenda Liverpool wakaandamana mabarabarani. Bungeni, kati ya wabunge 36 wa Wales hakuna hata mmoja aliyeuunga mkono muswada huo kwa kura yake. Sheria ilipita mwaka 1957 vivyo hivyo, kwa kuwa wabunge wa sehemu nyingine walikuwa wengi zaidi. Mwaka 1965 bwawa lilifunguliwa, na Capel Celyn ikawa chini ya maji.

Penye wengi, tunaambiwa, hapaharibiki neno. Nadhani mzee wa Capel Celyn angekuwa na la kujibu. Hapo hapakukosekana mjumbe wala hotuba. Kilichokosekana ni uwezo wa hotuba hiyo kuzuia jambo. Mwaka 2005 halmashauri ya Liverpool iliomba radhi kwa yaliyotendeka. Ni jambo la kiungwana, ila haliwezi kufukua kijiji.

Sasa nirudi kwa Megan. Alishindwa Anglesey mwaka 1951, akahamia chama cha Labour mwaka 1955, na katika uchaguzi mdogo wa Februari 1957 akapata kiti cha Carmarthen, kusini-magharibi mwa Wales. Hiyo ni nchi ya bonde la mto Tywi, ya malisho ya ng'ombe wa maziwa, na pembezoni mwake migodi ya makaa ya mawe. Alichaguliwa tena Machi 1966 akiwa mgonjwa, asiyeweza hata kupita kuomba kura. Alifariki mwezi Mei mwaka huo.

Uchaguzi mdogo wa kumpata mrithi wake ulifanyika tarehe 14 Julai, 1966. Aliyeshinda alikuwa Gwynfor Evans, mkulima wa nyanya na kiongozi wa chama cha Plaid Cymru, kinachodai mamlaka kwa Wales. Alipata kura 16,179, na mgombea wa Labour akapata 13,743. Chama chake kilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40 na hakijawahi kupata kiti hata kimoja Bungeni. Jambo la kufikirisha ni kwamba Evans alizaliwa Barry, mji wa bandari ambako Kiingereza kilikuwa kimetawala, na Kiwelisi alijifunza kwa hiari yake katika ujana. Kwao hakupewa kwa kuzaliwa tu, alipatafuta.

Alipofika Westminster alitaka kuanza na ombi dogo: ale kiapo chake kwa Kiwelisi. Alikataliwa. Nalitafakari sana jambo hili. Wapiga kura wa jimbo lake, sehemu kubwa yao, walisali kwa lugha ile, walinunua na kuuza kwa lugha ile, na kwa lugha ile walikuwa wamesikia akiwaomba kura. Lakini ahadi ya kuwatumikia ilibidi itolewe kwa lugha nyingine. Zile kamba za 1536 zilikuwa bado hazijakatika zote.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Katika mabaraza ya kutunga sheria ya wakati wa ukoloni lugha ilikuwa Kiingereza, na asiyekijua hakuwa na mahali. Ndiyo maana Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge la Tanganyika kwa Kiswahili, tendo lenyewe lilikuwa hotuba nyingine. Kenya nako ilichukua hadi 1974 ndipo Mzee Kenyatta akaagiza Kiswahili kitumike Bungeni. Sisemi kwamba hali zetu na za Wales ni sawa. Sisi tulikuwa wengi katika nchi zetu, wao walikuwa wachache ndani ya dola kubwa. Lakini swali ni lile lile: anayekuja kusema habari zangu anaruhusiwa kuja na ulimi wangu?

Evans hakususa. Alitumia njia ambayo mtu mwingine angeiona haina mvuto: aliuliza maswali. Aliwasilisha mamia ya maswali ya maandishi kwa mawaziri, juu ya ajira, barabara, reli, shule na maji katika Wales. Majibu yalikusanywa na kuchapishwa. Hapo nauona uerevu wake. Mbunge mwingine huitambulisha nchi yake kwa maneno yake mwenyewe, halafu yakasahauliwa kabla ya chakula cha jioni. Yeye aliilazimisha serikali iitambulishe Wales kwa kinywa chake yenyewe, kwa tarakimu zake yenyewe. Mwaka 1967 ilipitishwa sheria iliyoanza kukipa Kiwelisi nafasi katika mahakama na katika shughuli za serikali. Mwaka 1974 wabunge wa Plaid Cymru wakaruhusiwa kukirudia kiapo chao kwa Kiwelisi baada ya kukisema kwa Kiingereza.

Isidhaniwe kwamba njia ilikuwa tambarare. Evans alipoteza kiti mwaka 1970. Februari 1974 alishindwa kwa kura 3 tu, akakirudia Oktoba mwaka huo huo, akakipoteza tena mwaka 1979. Mwaka 1980, serikali ilipokwenda kinyume na ahadi yake ya kuanzisha stesheni ya televisheni ya Kiwelisi, alitangaza kwamba atagoma kula hata kufa. Serikali ikageuza uamuzi, na stesheni hiyo, S4C, ikaanza Novemba 1982.

Hatimaye, Septemba 1997, Wawelisi walipiga kura kuamua kama wapate baraza lao wenyewe. Matokeo yalihesabiwa kaunti kwa kaunti usiku kucha, na kwa muda mrefu upande wa "hapana" ulikuwa mbele. Kaunti ya mwisho kutangaza ilikuwa Carmarthenshire, na kura zake zikageuza matokeo ya nchi nzima. "Ndiyo" ilishinda kwa tofauti ya kura 6,721 kati ya zaidi ya milioni moja. Sehemu ile ile iliyomtuma Evans mwaka 1966 ndiyo iliyotia jiwe la mwisho katika mizani.

Baraza hilo lilikutana kwa mara ya kwanza Mei 1999 mjini Cardiff, na leo linaitwa Senedd. Humo mjumbe anaweza kusema Kiwelisi au Kiingereza, na wakalimani wapo. Tena, kabla ya uchaguzi wa 1997 Wales yote ilikuwa imepeleka Westminster wanawake 4 tu tangu Megan. Mwaka 2003 nusu ya wajumbe wa baraza la Cardiff walikuwa wanawake. Evans aliyaona hayo kabla ya kufariki mwaka 2005.

Je, sasa mambo yametimia? La. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba wanaosema Kiwelisi walikuwa asilimia 17.8 tu ya watu wa Wales, chini ya wakati wowote uliowahi kuhesabiwa. Lugha haiponi kwa kupewa kiti barazani. Huponea jikoni na vibarazani, na kazi hiyo hakuna mbunge awezaye kuwafanyia watu.

Lakini jambo moja limebadilika, nalo si dogo. Bonde jingine likitakiwa kesho, mjumbe wa bonde hilo atasimama mbele ya watu ambao hawahitaji kwanza kuelezwa bonde ni nini kwa mwenye nalo. Tunapochagua wajumbe wetu huku kwetu, aghalabu tunauliza nani ana sauti kubwa na maneno mazuri. Ni sawa. Ila tuulize pia: huko tunakompeleka, neno lake likishasikilizwa, litahesabiwa?