Viini Vinavyoitika: Pugu na Usomaji wa Spektra

Katika misitu ya vilima vya Pugu, kusini-magharibi ya Dar es Salaam, umo mti ambao wataalamu wa mimea wameupa jina la Millettia puguensis, yaani wa Pugu. Mwaka 2006 ilitangazwa isoflavonoidi iliyopatikana katika mti huo, ambayo haikuwa imejulikana kabla. Molekuli haionekani kwa macho, wala haiwezekani kuikagua kama jani. Umbo lake hujulikana kwa kusoma spektra.

Elimu hii ilianza kwa wanafizikia. Mwaka 1946 Edward Purcell wa Harvard na Felix Bloch wa Stanford, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha ya kuwa viini vya baadhi ya atomu, vikiwekwa kwenye sumaku kali na kuamshwa kwa mawimbi ya redio, huitika. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1952. Nia ilikuwa kupima usumaku wa kiini. Ilipoonekana kwamba kiini cha namna moja huitika mbalimbali kwa kadiri ya kampaundi kilimo, jambo hilo lilikuwa udhia kwao. Lakini mwaka 1951 Arnold, Dharmatti na Packard, hapo hapo Stanford, walipima ethanoli, ile iliyomo katika tembo la mnazi. Haidrojeni zake ziliitika mahali patatu, kwa uwiano wa 3, 2 na 1, sawasawa na zilivyopangwa katika molekuli. Udhia wa wanafizikia ukawa hazina ya wanakemia.

Anayejifunza kusoma spektra huuliza mambo matatu: kiini kimeitika wapi, ni vingapi vilivyoitika pamoja, na kilele kimegawanyika mara ngapi. Hili la tatu hutoka kwa majirani. Katika ethanoli, haidrojeni tatu za kaboni ya mwisho zina majirani wawili, nazo hutoa vilele vitatu. Zile mbili za kaboni ya kati zina majirani watatu, nazo hutoa vinne. Mwanaisimu hatashangaa. Ulimi huwa ndimi, na refu huwa ndefu, kwa sababu sauti hubadilika kwa ajili ya jirani yake. Naye aonaye badiliko humtambua jirani.

Je, usomaji huo ufundishwe kwa lugha gani? Pugu ina haki ya kuulizwa. Katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko kilichokuwa hapo alifundisha Julius Nyerere hadi mwaka 1955, naye mwaka 1963 akatoa tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza kiingie sekondari kuanzia 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata hivyo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990.

Basi istilahi si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Kiini ni cha yai, cha seli na cha atomu, wala hakuna anayechanganyikiwa, kwa maana maneno yanayofuatana nalo huonyesha maana yake. Ugumu uko katika hoja: kwa kuwa kilele hiki ni cha haidrojeni tatu, na kimegawanyika vitatu, basi jirani yake hawezi kuwa na haidrojeni moja tu. Mwanafunzi asiyeimudu lugha ya hoja hukariri jedwali la vilele, na kwa kampaundi zinazojulikana atafaulu. Lakini kampaundi mpya ya mti wa Pugu haimo katika jedwali lolote. Hiyo haikaririki; hapana budi ijadiliwe hatua kwa hatua, na mtu hujadili vema kwa lugha anayoimiliki.