Gari linanuka petroli kila likijazwa full tank? Namna ya kubadili bomba la kujazia mafuta kwa spea mbadala

Gari likijazwa full tank linanuka petroli, tenki likishuka hadi nusu harufu inakata. Madereva wengi huanza kulaumu mfuniko, au mhudumu wa sheli aliyemwaga mafuta pembeni. Kumbe mara nyingine tatizo limejificha nyuma ya tairi: bomba la kujazia mafuta limeliwa na kutu.

Bomba hili ndilo njia ya mafuta kutoka pale mkono wa pampu unapoingizwa hadi kwenye tenki. Halizungumzwi sana kama shokapu au brekipedi, lakini likitoboka, petroli na mvuke wake hutoka nje, huku maji na mchanga vikipata njia ya kuingia ndani.

Kwenye magari mengi bomba hubadilishwa bila kushusha tenki, na spea mbadala zipo. Hatari kubwa iko kwenye njia za mkato.

Lilivyoundwa

Kwa kawaida kuna mabomba mawili yanayokwenda pamoja. Lile nene hupitisha mafuta. Lile jembamba hutoa hewa inayosukumwa na mafuta yanapoingia kwenye tenki.

Juu limefungwa kwa skrubu kwenye bodi, katikati lina bolti, na chini linaungana na tenki kwa mipira iliyokazwa kwa klipu.

Kwa nini linaoza

Bomba la chuma hupita ndani ya madigadi ya nyuma, mahali tairi linaporusha maji na tope. Tope hilo hukwama nyuma ya plastiki ya kinga na kukaa na unyevu kwa muda mrefu.

Chumvi huharakisha kutu. Magari ya miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hupata chumvi ya upepo wa bahari. Mengine huja nayo kutoka Japani, hasa yaliyotumika kwenye maeneo ya theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Gari linaweza kushuka bandarini likiwa linang'aa juu, kumbe chini kutu imeshaanza kazi.

Dalili zake

- Harufu ya petroli karibu na tairi la nyuma, hasa tenki likiwa limejaa.
- Mafuta kudondoka chini wakati wa kujaza.
- Pampu kukata mapema kila mara. Hapa huenda bomba jembamba la hewa limeziba.
- Injini kukosa nguvu au kuzimika baada ya mvua au kuoshwa gari, kwa sababu maji yameingia kwenye mafuta.
- Taa ya cheki injini kuwaka. Kwa magari yenye mfumo wa kupima uvujaji wa mvuke, mashine inaweza kuonyesha P0442 (uvujaji mdogo) au P0455 (uvujaji mkubwa).

Kabla ya kununua bomba, mfuniko na mpira wake vikaguliwe kwanza. Ni vya bei rahisi, na vikiharibika huleta harufu ileile.

Lisichomelewe

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Fundi anaona tundu, anashauri lipigwe weldi fasta ili kuokoa hela ya spea.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la gereji ya mjini. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na unaweza kufuata cheche iliyo mbali. Tenki tupu nalo sio salama: mafuta yameisha, lakini mvuke umebaki umechanganyika na hewa, na mchanganyiko huo unaweza kulipuka.

Gundi ya chuma nayo ni ya kusogeza siku tu. Kutu inaendelea chini yake na tundu jingine litatokea pembeni.

Kuchagua spea

Kuna njia tatu: orijino mpya, used iliyotolewa kwenye gari lililokatwa, au mbadala mpya. Used iangaliwe vizuri, maana huenda ina kutu ileile inayokimbiwa.

Mbadala sio lazima iwe feki. Mbadala hutengenezwa na kampuni nyingine kwa vipimo vya gari husika na hubeba jina la kampuni hiyo. Feki ni ile inayojifanya orijino. Bado, ubora wa mbadala hutofautiana, kwa hiyo dukani yaangaliwe haya:

- Namba ya chesisi. Jina la gari halitoshi. Toyota IST ya NCP60 ni ya kuvuta tairi za mbele, ya NCP65 ni ya kuvuta tairi zote nne, na magari ya namna hiyo mara nyingi hutofautiana tenki na mabomba.
- Namba ya spea. Kwa Toyota nyingi, namba ya bomba hili huanza na 77201. Muuzaji mzuri ataitumia kutafuta mbadala wake.
- Umbo. Bomba la zamani na jipya vilazwe pamoja. Urefu, mikunjo, idadi ya mirija na sehemu za bolti lazima vifanane.
- Mdomo. Mfuniko wa gari ujaribiwe hapohapo dukani. Ukikaa upande au ukizunguka bila kubana, spea hiyo iachwe.
- Mipira. Inunuliwe ya mafuta, pamoja na klipu mpya. Mpira wa rejeta haufai kabisa: petroli huuvimbisha na kuulainisha mpaka unavuja.

Rangi ya mbadala nyingi ni nyepesi. Kuipaka rangi ya kuzuia kutu kwa nje na kuiacha ikauke kabla ya kufunga huongeza maisha yake.

Hatua za kubadili

1. Tenki libaki na mafuta chini ya robo. Kazi ifanyike nje, mbali na moto, sigara na mashine za weldi, na kizimamoto kiwe karibu.
2. Injini ipoe, waya wa negativu wa betri utolewe, kisha mfuniko ufunguliwe ili presha itoke.
3. Gari liinuliwe na kukaa kwenye stendi, sio jeki peke yake. Tairi na plastiki ya madigadi vitolewe.
4. Tope lisafishwe kwenye maungio yote kabla ya kufungua, lisije likaangukia kwenye tenki.
5. Skrubu za mdomoni, bolti na klipu zifunguliwe. Mpira ukigoma, ukatwe kwa kisu, usivutwe kwa nguvu, kwa sababu shingo ya tenki inaweza kupasuka. Tundu la tenki lizibwe kwa kitambaa safi, na kitolewe kabla ya kufunga.
6. Bomba jipya lishikizwe sehemu zote kwanza bila kukazwa. Mipira isukumwe hadi ipite tuta la mwisho wa bomba, na klipu zikae nyuma ya tuta hilo.
7. Kama kulikuwa na waya wa ethi, urudishwe kwenye chuma kisafi. Kazi yake ni kuondoa umeme tuli unaoweza kutoa cheche wakati wa kujaza. Baada ya hapo kila kitu kikazwe.

Kabla ya kulipa fundi

Plastiki isirudishwe kwanza. Ziwekwe lita tano, kila ungio likaguliwe, kisha gari lipelekwe sheli ya karibu lijazwe. Pampu ikikata tenki likiwa limejaa na chini pakabaki pakavu, kazi imekaa sawa.

Kipimo cha mwisho ni asubuhi inayofuata. Gari lililolala na tenki lililojaa halipaswi kunuka petroli. Likinuka, lisiwashwe, fundi aitwe palepale lilipo.