Kilindini: Kina kilichoipa Mombasa neema na dhiki

WENGI wanaovuka kivuko cha Likoni huyaona maji ya Kilindini kuwa sehemu ya kawaida ya bahari. Hata hivyo, chini yake mna bonde la kale la mito, na bonde hilo ndilo lililoamua hatima ya Mombasa.

Yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa na matumbawe yakastawi pale ulipo mji leo. Baadaye, katika Enzi ya Barafu, maji mengi ya dunia yaliganda na bahari ikashuka kwa takriban mita 120. Mito kutoka bara ikachonga mabonde katika mwamba huo wa matumbawe. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilirejea na kuyajaza mabonde hayo. Kipande cha mwamba kilichosalia katikati ndicho kisiwa cha Mombasa.

Kwa karne nyingi, biashara ilifanyika upande wa mashariki, kwenye Bandari ya Kale, ambako majahazi yalifika kwa pepo za kaskazi na kusi. Mwamba wenyewe uliwapa wenyeji mawe ya kujengea na chokaa. Wareno nao walipoanza kuijenga Fort Jesus mwaka wa 1593, waliiweka juu ya ukingo wa matumbawe unaoelekea lango la bandari hiyo.

Meli kubwa za mvuke zilipokuja, kina cha Bandari ya Kale hakikutosha. Macho yakageukia Kilindini, ambako jina lenyewe lamaanisha penye kilindi, yaani maji marefu. Ujenzi wa reli ya kwenda Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901. Gati za kwanza za maji marefu zilifunguliwa mwaka wa 1926. Leo shehena za Uganda, Rwanda na Sudan Kusini hupitia hapo.

Lakini kina hicho hicho kimewatenga wakazi wa kusini. Kuelekea Nyali kuna daraja; Likoni bado hutegemea feri, kwani daraja lolote la kudumu hapo sharti liwe refu kwenda juu ili meli zipite chini yake. Gharama ya hali hiyo ilidhihirika Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua zaidi ya watu 270.