Olive et Tom, katuni ya mpira iliyotukusanya Lubumbashi

Leo tuweke kando bei ya unga. Tuzungumze juu ya desanime moja ambayo wengi waliokulia Katuba, Kenya au Kamalondo miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado wanaikumbuka: Olive et Tom.

Kwa Wajapani inaitwa Captain Tsubasa. Mchoraji Yoichi Takahashi alianza kuitoa kama hadithi ya picha mwaka 1981. Mpira ulimvuta alipotazama Kombe la Dunia la 1978 kule Argentina. Wakati huo Wajapani walipenda zaidi besiboli, na ligi yao ya mpira wa kulipwa ilianza tu mwaka 1993. Katuni yenyewe ilionyeshwa Japani kati ya 1983 na 1986, vipindi 128. Ufaransa iliipokea mwaka 1988 ikageuza majina: Tsubasa akawa Olivier Atton, kipa Wakabayashi akawa Thomas Price, Hyuga akawa Mark Landers. Sisi tulioipata kwa Kifaransa tulikuwa na watoto wa Kijapani wenye majina ya Kizungu, wanaokula wali kwa vijiti, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwenye avenyu yetu, tele ilikuwa katika lupango mmoja tu. Tuliacha kandambili mlangoni na kukaa chini, wadogo mbele. Kifaransa tulikijua wachache. Kwa hiyo mkubwa mmoja aliyekuwa darasa la sita alitugeuzia maneno kwa Kiswahili, na nadhani nusu ya aliyotuambia aliyatunga mwenyewe. Uwanja wa Olivier haukuwa na mwisho. Alianza kukimbia na mpira, akakumbuka utoto wake, akakumbuka maneno ya kocha Roberto, na kipindi kikaisha kabla hajapiga. Mara nyingi umeme ulikatika mpira ukiwa bado hewani. Basi tulitoka nje na mpira wetu wa sashe na kamba, tukamaliza mechi wenyewe.

Olivier alikuwa shujaa, lakini mimi nasema mtoto wetu hasa alikuwa Mark Landers. Baba yake alikuwa amekufa, naye alifanya kazi ili kumsaidia mama yake na wadogo zake. Huko Katanga jambo hilo halikuhitaji mkalimani. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na watoto wengi waliingia sokoni kuuza maji, mikate na makala. Landers alipopiga shuti lake, tulipiga kelele hadi mama mwenye lupango akatutishia kutufukuza.

Tena mji huu ulikuwa na mpira kabla ya katuni yoyote. TP Englebert, ambayo leo ni Mazembe, ilichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Disemba 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kufika fainali ya klabu za dunia, ikashindwa na Inter Milan 3-0. Kipa Kidiaba alipokuwa akirukaruka kwa makalio, dunia ilicheka. Sisi tuliona kipande cha desanime. (Watu wa Lupopo watanisamehe.)

Miaka ile ya 2005 na 2006, vita vya Mai-Mai vilifukuza watu wengi katika eneo la Mitwaba, Manono na Pweto, lililoitwa pembetatu ya kifo. Ndugu wawili kutoka upande wa Mitwaba walipokelewa na shangazi yao karibu nasi. Mkubwa hakusema na mtu. Walipoletwa mbele ya tele, alitazama bila kucheka hata mara moja. Kesho yake alisimama kati ya mawe mawili yaliyokuwa goli letu na kusema yeye ni Thomas Price. Hilo ndilo neno la kwanza tulilolisikia kutoka kwake, na tangu siku hiyo hakuna aliyemnyang'anya goli.

Sikushangaa basi niliposoma kwamba mwaka 2004 Wajapani walibandika picha za Tsubasa kwenye malori ya maji kule Samawah, Iraki, ambako watoto wanamjua kwa jina la Captain Majed. Na Msyria mmoja aliyesoma Tokyo alitafsiri vitabu vyake kwa Kiarabu. Nakala zikagawiwa watoto wa Syria waliokimbilia Ulaya.

Siku hizi watoto wanaitazama kwenye simu, hata ile iliyochorwa upya mwaka 2018. Simu moja, vichwa sita, na mkubwa mmoja katikati anayewaeleza wengine kwa Kiswahili Olivier amesema nini.