Nani Anamlipa Mlinzi wa Ziwa?

Katika mazungumzo yetu tumezoea kukaa kwenye kibanja: migomba, kahawa, maharage na samadi. Leo tunateremka mpaka ziwani. Usifunge redio, wala usifunue ukurasa mwingine ukisema kwamba habari hii ni ya wavuvi peke yao. Wewe uliyeko Kamachumu au Nshamba, ndizi yako inahitaji kitoweo. Wewe mwenye kuku pale Maruku, chakula cha kuku kina dagaa ndani yake. Na wangapi kati yenu wana kijana aliyevuka kwenda Bumbire, Goziba au Kerebe kutafuta fedha ya karo na ya mabati?

Basi, tunalo swali moja. Samaki wa shambani kwako, ukiwa na bwawa, unaweza kumhesabu. Samaki wa ziwani hahesabiki kwa macho. Lazima pawepo mtu ambaye kazi yake ni kupima, kuhesabu na kutuambia mapema kama akiba inapungua. Mtu huyo ni mtafiti, naye ndiye mlinzi wa ghala letu la majini. Je, mlinzi huyu amelipwa na nani tangu zamani? Na nini kilitokea pale mshahara wake ulipokatika?

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, na zaidi kidogo ya nusu yake iko Tanzania. Wazee wetu walivua kwa migono, ndoano na nyavu za kienyeji. Mwaka 1905 nyavu za kutega zilizotengenezwa kiwandani zilianza kutumika upande wa Kenya, halafu zikaenea. Mwanzoni wavu mmoja ulitoa makumi ya ngege. Miaka haikupita mingi, wavu ule ule ukawa unatoa samaki wachache tu.

Hapo serikali tatu za kikoloni, yaani Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikubaliana kuuchunguza uvuvi wa ziwa zima. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham kutoka Uingereza, akisaidiwa na kijana E. B. Worthington, alizunguka ziwani akipima samaki na nyavu. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1929. Alisema mambo mawili makubwa. Kwanza, wavu wa kuvulia ngege usiwe na tundu lililo chini ya inchi 5, ili samaki mchanga apite, akue na kuzaa. Pili, ziwa ni moja, hivyo lilindwe na chombo kimoja, kwa sababu samaki hajui mpaka.

Ushauri wa kwanza uliingizwa katika sheria miaka ya 1930. Ushauri wa pili ulingoja. Ilikuwa mwaka 1947 ndipo kilipoundwa kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika Mashariki pale Jinja, Uganda, chini ya R. S. A. Beauchamp. Mwaka huo huo ikaundwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, ili isimamie sheria pande zote. Fedha za kituo cha Jinja zilitoka kwa sehemu kubwa katika mfuko wa Uingereza wa maendeleo ya makoloni. Kwa hiyo wakati ule mwenye mfuko alikuwa London, mlinzi alikuwa Jinja, na mwenye ziwa, yaani babu yako wa Bukoba, hakuulizwa neno.

Ndugu mkulima, tusiseme kwamba fedha peke yake inatosha. Fedha ikiwepo na masikio yasiwepo, kazi inapotea. Hebu tazama mifano miwili.

Miaka ya 1950 nyavu za nailoni ziliingia, nyepesi, imara na zenye kunasa kuliko zile za zamani. Ulinzi ulihitajika zaidi, lakini kati ya mwaka 1956 na 1961 sheria ya inchi 5 iliondolewa nchi moja baada ya nyingine. Kusimamia sheria ile kulikuwa kumeshindikana. Wavuvi wakashuka kwenye tundu dogo, kisha dogo zaidi. Ngege akazidi kuadimika.

Mfano wa pili ni sangara. Samaki huyu hakuwa wa ziwa hili. Palikuwa na mjadala mkali kama aletwe au asiletwe. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer, aliyekuwa akifanya utafiti Jinja, aliandika kupinga. Alionya kwamba samaki mkubwa anayekula wenzake akishaingia ziwani hatatolewa tena. Kumbe sangara wa kwanza walikwisha kutiwa majini kimya kimya katika miaka ya 1950, upande wa Uganda. Mwaka 1962 na 1963 wakapandikizwa wazi wazi. Utafiti ulikuwa umelipiwa, ushauri umeandikwa, lakini uamuzi ukafuata njia nyingine.

Baada ya Uhuru nchi zetu tatu zilijaribu kulilinda ziwa kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1967, kituo cha Jinja kikawa mali ya Jumuiya, na nchi wanachama zikakigharimia. Umoja wa Mataifa, kwa njia ya Shirika la Chakula na Kilimo, yaani FAO, ukaongeza fedha na wataalamu. Meli ya utafiti iitwayo Ibis ikavuta wavu wake sehemu nyingi za ziwa, kati ya mwaka 1969 na 1971. Matokeo yalitolewa na watafiti Kudhongania na Cordone: katika samaki wa chini ya maji waliopimwa, asilimia 80 hivi kwa uzito walikuwa furu. Ndiyo, furu, wale samaki wadogo wenye miba ambao mama zetu walichoma, wakakausha na kuuza kwa mafungu. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba ya ziwa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye fundisho. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Kituo cha Jinja kikabaki Uganda. Kenya ikaanzisha shirika lake la utafiti mwaka 1979. Tanzania ikaanzisha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, yaani TAFIRI, kwa sheria ya mwaka 1980, na kituo chake cha ziwa letu kikawa Mwanza. Katikati ya hapo palikuwa na vita. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoani kwetu, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, mwaka 1978, na vita ilikwisha mwaka 1979. Taifa lilikuwa na madeni, mafuta yalikuwa ya shida, na taasisi changa haikuweza kuzunguka ziwa zima kama meli ya Ibis ilivyozunguka.

Na miaka hiyo hiyo ndiyo ziwa lilipogeuka. Sangara, aliyekuwa ametulia kwa miaka mingi, alianza kuongezeka kwa kasi, kwanza upande wa Kenya, halafu Uganda na kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, katika ghuba ya Mwanza, furu walikuwa wamekwisha kutoweka kwenye nyavu. Katika ziwa zima palikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Wanasayansi walikadiria kwamba aina 200 hivi zilipotea au zilikuwa karibu kupotea. Sangara hakuwa na kosa peke yake. Maji nayo yalibadilika, kwa mbolea na udongo uliochukuliwa na mvua toka mashambani, na kwa uchafu wa miji. Hapo nawe mkulima wa mlimani unahusika.

Tunajuaje haya ya Mwanza? Tunajua kwa sababu mwaka 1977 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilianza kazi pale, kikishirikiana na wenzetu. Walikuja kuwachunguza furu. Wakajikuta wanashuhudia kupotea kwao. Tunawashukuru. Lakini fikiri, ndugu mkulima: ghala letu linabomoka, na anayeandika kilichomo ndani analipwa na nchi ya mbali. Yeye alichagua ghuba ya Mwanza. Pwani ya Muleba na ya Bukoba hazikuwa na mtu wa kuziangalia siku kwa siku namna ile.

Wenye kusema sangara alileta utajiri hawasemi uongo. Viwanda vya minofu vilijengwa kandokando ya ziwa, na fedha ikaonekana mialoni. Hata hivyo, utajiri huo nao ulitegemea vipimo. Kati ya mwaka 1997 na 1999 nchi za Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa nyakati tofauti, mara kwa vijidudu, mara kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Bei mwaloni ikaanguka. Mvuvi asiyejua maabara ni kitu gani alipata hasara kwa sababu ya maabara. Ndipo serikali ilipoona haja ya kuimarisha ukaguzi, na maabara ya kupima ubora wa samaki ikawekwa Nyegezi, Mwanza.

Fedha kubwa za utafiti zilirudi katika miaka hiyo. Tarehe 30 Juni 1994, pale Kisumu, nchi tatu zilitia sahihi mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja. Ushauri wa Graham ulikuwa umengoja miaka 65 na umepita mikononi mwa serikali nyingi. Mwaka 1997 ukaanza mradi wa mazingira ya Ziwa Victoria, kwa fedha za Benki ya Dunia na mfuko wa mazingira wa dunia, ukaendelea hadi mwaka 2005. Umoja wa Ulaya nao ukagharimia utafiti wa samaki. Toka mwaka 2000 nchi zote tatu zimekuwa zikihesabu mitumbwi, wavuvi na nyavu kwa utaratibu mmoja. Samaki nao hupimwa kwa mlio unaotumwa majini na kurudi, kama mtu anavyopiga kelele bondeni na kusikiliza mwangwi. Sheria ya kukataza sangara wa chini ya sentimita 50 imetokana na kazi ya namna hii, wala si ukali wa mtu fulani ofisini.

Lakini mradi una siku ya kuanza na siku ya kwisha. Ukiisha, gari linakosa mafuta na meli inafungwa kamba gatini. Mwaka mmoja usiopimwa ni kama msimu mmoja usiopaliliwa. Wewe unajua kibanja kisichopaliliwa kinavyokuwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo historia hii inatufundisha neno moja: mlinzi wa ziwa alipwe na wenye ziwa, kila mwaka, bila kungoja mradi. Njia zipo. TAFIRI hupata fungu katika bajeti ya serikali, na mwaka 2016 ilitungiwa sheria mpya. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inao mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi, unaojulikana kama MTUSATE, ambao watafiti huomba kwa ushindani. Ushuru na leseni unazolipa mwaloni ni fedha ya umma, na ni haki yako kuuliza sehemu gani inarudi kumlinda samaki.

Hapa tutofautishe, ndugu mkulima, maana watu huchanganya. Mwezi wa Januari 2024 pale Mwanza, serikali ilizindua mikopo ya boti na vizimba vya kufugia samaki kwa wavuvi na wafugaji wa Ziwa Victoria. Hiyo ni mikopo ya kuzalishia. Inarudishwa, na masharti yake yaulizwe kwa ofisa uvuvi wa halmashauri. Fedha ya utafiti ni nyingine. Hairudishwi kwa shilingi. Inarudi kwa maarifa. Tena moja inaitegemea nyingine. Kizimba kikiwekwa mahali ambapo maji hayakupimwa, samaki wanaweza kukosa hewa wakafa kwa usiku mmoja, na deni likabaki pale pale.

Basi wewe ufanye nini? Kwanza, siku ya kuhesabu mitumbwi na nyavu, sema kweli. Mtu akificha kokoro lake asihesabiwe, anampotosha mlinzi wake mwenyewe. Pili, hesabu ikishachukuliwa, idaini. Kamati ya BMU ya mwalo na mkutano mkuu wa kijiji vina haki ya kumwomba Bwana Samaki au Bibi Samaki aeleze matokeo kwa lugha inayoeleweka. Tatu, diwani wako anapopitisha bajeti, muulize kuhusu ziwa kama unavyomuuliza kuhusu barabara. Nne, wewe wa mlimani, weka makinga maji na nyasi kwenye mteremko. Udongo unaobaki kwenye kibanja unalisha mgomba, na ukifika ziwani unachafua mazalia ya samaki.

Mwaka 2006, mnyauko wa migomba ulipokuwa umeingia Kagera, wakulima walikuwa na kituo cha utafiti pale pale Maruku cha kukimbilia. Samaki hana mahali pa kukimbilia, na hawezi kunyauka mbele ya macho yako ukamwona. Ukija kushtuka, wavu umerudi mtupu. Ndiyo maana mlinzi wake asikatiwe mshahara.

Kazi njema, ndugu mkulima.