Bwaga Moyo: Wale Walioingia Bagamoyo Wakiimba

Ukitaja Kaole, wengi wanakumbuka lile kundi la maigizo lililotikisa runinga mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuibua mastaa kibao wa Bongo Movie. Kaole yenyewe ni kijiji kilichopo kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo. Kina magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, na historia yake inarudi nyuma mpaka karne ya 13. Baadaye tope lilijaa, mikoko ikaota ufukweni, vyombo vikashindwa kufika, na biashara ikahamia kwa jirani, Bagamoyo.

Jina Bagamoyo watu wanalitaja kila siku bila kulitafakari. Inasemwa limetokana na maneno "bwaga moyo", na maana yake inaelezwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya watumwa: ukifika hapa, moyo wako uache, bara huioni tena. Ya pili ni ya wapagazi, wale waliobeba pembe za ndovu kutoka bara: umefika, tua mzigo, moyo upumzike. Wanahistoria kadhaa wanaegemea hii ya pili. Lakini pwani yote imezibeba zote mbili, machozi na furaha ndani ya neno moja.

Hao wapagazi wengi wao majina yao hayajulikani, ila walikuwa makumi ya maelfu. Wengi walikuwa Wanyamwezi. Kutoka Tabora mpaka pwani ni karibu kilomita 800, na mtu alitembea miezi mitatu hivi akiwa na mzigo wa kilo 30 au zaidi begani. Njiani kulikuwa na njaa, kuhara damu na ndui. Aliyeugua sana aliweza kuachwa, msafara ukaendelea.

Sasa angalia walivyoingia mjini. Kabla ya kufika walisimama, wakaoga, wakavaa nguo nzuri walizozitunza safari nzima. Kiongozi wao, kirangozi, alitangulia na bendera akiwa amejipamba. Ngoma zikapigwa, bunduki zikalia, watu wakaimba. Mtu wa Bagamoyo aliyesimama barazani aliona sherehe. Waliobaki porini hakuwaona.

Je, wale wapagazi walikuwa wanaigiza? Hapana. Furaha ya kufika ilikuwa ya kweli, na majonzi nayo yalikuwa ya kweli. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo wengi wanapokosea hadi leo: wakiona mtu anacheka, wanahesabu kwamba ndani kumetulia.

Kiswahili kina neno la hali hiyo: sonona, kutoka kwenye kusononeka, yaani kuumia ndani kwa ndani. Leo wataalamu wa afya wanalitumia kutaja ugonjwa kamili. Sio huzuni ya siku moja baada ya kuachwa au timu kufungwa. Ni hali inayokaa wiki mbili au zaidi: usingizi unapotea au unazidi, chakula hakina ladha, mwili unachoka bila kazi, yale mtu aliyoyapenda hayamvutii tena, na anajiona hana thamani. Na bado anaweza kwenda kazini, akachekesha ofisi nzima, akaposti picha akiwa Coco Beach na likes zikamiminika. Usiku anarudi chumbani na ule mzigo wake.

Kuficha kuna sababu. Mwanaume anaambiwa akaze. Mwanamke anaambiwa avumilie. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyoanza mwaka 1927, mpaka leo jina lake linatumika mtaani kama tusi: "huyu katoroka Mirembe." Nani atajitokeza aseme anaumwa, wakati anajua utani unaomsubiri?

Gharama ya kunyamaza ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani. Baada ya msiba, maneno ni yaleyale: "Lakini jana tulikuwa naye, alikuwa anacheka tu."

Tofauti ya wapagazi na vijana wa leo ipo hapa. Wapagazi walitembea na kulala kwa makundi, kambi moja, chungu kimoja. Mwenzio alijua ulichokipitia kwa sababu na yeye alikipitia. Baada ya nyimbo za barabarani, mzigo ulikuwa na pa kutuliwa. Leo nyimbo zimebaki, kambi ndiyo imepungua.

Salamu za wazee nazo zilikuwa na akili. "Hujambo?" "Sijambo." Hapo hakuna aliyeamini bado. Zikafuata habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Nzuri, nzuri, nzuri... halafu kwenye ya nne ndipo linapotoka lile neno: "Nzuri, ila..." Baada ya "ila" ndipo habari yenyewe inapoanza. Siku hizi ni "Mambo?" "Poa." Mtu ameshapita, na "ila" imebaki kooni.

Kwa hiyo yule rafiki anayechekesha kuliko wote kwenye grupu, muulize mara ya pili, akiwa peke yake. Akisema amechoka na maisha, usimwambie ana dhambi wala asijidekeze. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Sonona inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Na kama huyo mwenye mzigo ni wewe, mtafute mtu mmoja tu unayemwamini. Akikuuliza habari, usiishie kwenye "poa". Malizia na ile "ila".